Kifungu cha Doria

Kiti cha Mzee Kasa kilikuwa kimekaliwa na mtu mwingine.

Mratibu alisimama mlangoni pa ukumbi, mkoba wa kompyuta ukimvuta bega, akamtazama yule mtu kama anavyotazamwa mgeni aliyejilaza kwenye kitanda cha mwenye nyumba. Alikuwa mwanamume wa makamo, kipara kinang'aa, amevaa shati jipya ambalo mikunjo ya dukani haijaisha. Mbele yake pana chupa ya maji na rasimu ya mpango wa bahari, rasimu ambayo Mratibu angeweza kuisoma hata akiamshwa usingizini.

"Mzee amestaafu," yule mtu alisema akiinuka kumpa mkono. "Hawakukuambia, dada?"

"Hawakuniambia."

"Basi tuko sawa. Mimi nilikuwa zangu idara ya mifugo. Juzijuzi naitwa, naambiwa kuanzia leo wewe ni mtu wa bahari. Hata kuogelea sijui."

Mratibu alicheka, maana asingecheka angelia. Akaenda kuketi upande wake wa meza, karibu na Mkurugenzi wake, akavua viatu chini ya kitambaa. Miguu ilikuwa imevimba kwa safari. Kiyoyozi kilikuwa kikidondosha maji kwenye ndoo, na ukumbi wenyewe, ingawa bahari ilikuwa hatua chache tu nyuma ya ukuta, haukuwa na dirisha hata moja la kuitazama.

Bahari hiyo ndiyo iliyowaleta. Kati ya nchi hizo mbili pana mkono wa maji ya kina kifupi, na chini yake malisho mapana ya nyasi bahari. Mstari wa mpaka unapita katikati ya malisho hayo. Nguva na kasa hawaujui mstari. Asubuhi wanakula huku, jioni wako kule. Wanaoujua vizuri ni wenye majarife, zile nyavu kubwa zinazonasa kila kiumbe. Wakifukuzwa na boti ya huku, wanavuka mstari, wanazima mashine, wanapunga mkono. Boti inarudi ilikotoka, na nyavu zinarudi majini.

Kwa miaka mingi serikali mbili zilikuwa zikikutana kupanga namna ya kuyalinda malisho kwa pamoja. Upande huu alikuwapo Mratibu. Upande ule alikuwapo mzee mmoja aliyepewa jina la Kasa kwa mwendo wake na kwa maneno yake: ungemuuliza jambo kabla ya chai, ukapata jibu baada ya chai. Wawili hao walikuwa wamekubaliana karibu kila kitu. Miezi ya kufunga uvuvi, ukubwa wa matundu ya nyavu, kuyalinda matumbawe, namna ya kuwahesabu nguva kwa ndege, nani apigiwe simu mnyama akikutwa amekufa ufukweni. Kilichobaki ni kifungu cha tisa, cha doria ya pamoja: kwamba boti ya nchi moja iweze kumfuata mhalifu hadi ng'ambo ya mstari, mradi ndani yake yumo askari wa nchi ya pili. Kila walipofika hapo, Mzee Kasa alivua miwani, akaifuta taratibu kwa ncha ya shati, akasema, "Hapo wakubwa wangu hawajakubali, jirani. Tukiweke kiporo."

Wakakiweka kiporo. Kiporo cha mwaka huu kikawa kiporo cha mwaka ujao.

Mratibu hakumsukuma, kwa sababu alimpenda yule mzee. Walikuwa na utani wao. Mzee alidai nguva wote ni wazaliwa wa upande wake, kwamba huku wanakuja kusalimia tu. Mratibu akamjibu kwamba wanakuja kwa sababu huko kwao hawashibi. Baba yake Mratibu alipofariki, Mzee Kasa alivuka mpaka kwa basi, akaketi mkekani pamoja na waombolezaji siku nzima, na neno rasimu halikumtoka mdomoni. Mtu wa namna hiyo unamsukumaje?

Mwenyekiti alipofungua kikao, Mrithi wa kiti aliomba kusema. "Samahanini sana, wazee wangu na dada zangu. Mimi ni mgeni wa mambo haya. Naomba tuanze ukurasa wa kwanza."

Mguno ulipita mezani. Mkurugenzi aliinama sikioni mwa Mratibu. "Tumerudi tulikotoka. Huyu atatumaliza."

Mratibu alimtumia mumewe ujumbe kwamba huenda asirudi siku aliyoahidi. Mumewe, fundi majokofu, mtu mpole aliyezoea kula peke yake, alimjibu: "Msalimie mume mwenzangu, yaani hiyo rasimu yako. Mwambie nami nina haki zangu."

Basi wakaanza ukurasa wa kwanza. Mrithi aliuliza maswali ambayo watu walikuwa wameacha kuyauliza zamani.

"Huyu nguva ananyonyesha?"

"Ananyonyesha."

"Mimba anabeba muda gani?"

"Inapita mwaka," Mratibu alisema kwa sauti ya mtu aliyechoka kusema. "Anazaa mmoja. Halafu anakaa miaka ndipo azae tena."

Mrithi aliweka kalamu chini. "Dada, mnyama wa hivyo ukimpoteza jike mmoja si umepoteza zizi zima? Na haya majani, yakikwanguliwa na nyavu, yanaota tena lini?"

"Yakipumzishwa, yanaota."

"Kama malisho mengine yoyote." Akaandika. "Hapo sasa tunaongea lugha moja."

Mratibu alimtazama upya kidogo. Lakini uchovu ni mzigo, hautuliwi kwa neno moja zuri. Na walipofika kifungu cha tisa alikuwa tayari ameshafunga karatasi zake.

"Hicho turuke," alisema. "Wakubwa wenu hawajakubali."

Mrithi alitazama ukurasa, akamtazama yeye. "Wakubwa wangu?"

"Ndiyo. Tangu mwanzo."

"Dada, ngoja kwanza. Nilipokabidhiwa kazi hii, neno la kwanza nililoambiwa ni hilo: nenda kawabembeleze majirani walegeze kwenye doria. Ninyi ndio mmegoma."

"Sisi?" Mkurugenzi alijivuta mbele mpaka kipaza sauti kikapiga mluzi. "Nani kagoma? Sisi hatujawahi kugoma!"

"Wala sisi."

Walitazamana kama watu waliopeana miadi, huyu akangoja mlango wa mbele na yule mlango wa nyuma, kila mmoja akimlaani mwenzake kwa kutokuja.

"Basi," Mwenyekiti alisema kwa tahadhari, "kama hakuna aliyekataa..."

Mtu mmoja wa nyuma akaangua kicheko, na cheko likawa la wote. Mratibu peke yake hakucheka. Alikuwa ameona ile miwani ikifutwa kwa ncha ya shati, mwaka baada ya mwaka. Huku mzee alisema kule wamekataa, na kule akasema huku wamekataa. Alikuwa ndiye daraja, na daraja lenyewe ndilo lililokatika.

Kifungu kilipitishwa kabla ya mapumziko. Mkurugenzi alimpiga Mratibu bega kwa furaha. "Na wewe ulivyomwamini mzee wa watu! Alikuchezesha ngoma usiyoijua!" Alisema kwa mzaha, wala hakujua alipochoma.

Mratibu alitoka nje, akaegemea ukuta wa korido ulionuka rangi mpya. Alimkumbuka nguva jike waliyemkuta ufukweni, kamba ya jarife imemzama shingoni, maziwa bado yakimtoka. Siku ile boti ya kwao ilikuwa imewafukuza wenye nyavu hadi mstarini, ikageuza. Mzee Kasa alivua koti lake akamfunika mnyama kichwa, akasimama hapo kwa muda mrefu. Mratibu alidhani ni huzuni. Sasa hakujua aiteje. Hasira ilimpanda: wangapi wamekufa wakati yeye anakula kiporo?

Mrithi alimfuata na vikombe viwili vya chai. "Nimevuruga jambo?"

"Hukuvuruga. Umenyoosha." Mratibu alipokea kikombe. "Kaka, Mzee Kasa ana mdogo wake aliyekuwa mvuvi, boti yetu ikamkamata. Unamjua?"

"Nani asiyemjua? Ana kibanda cha kuchaji simu, karibu na ofisi yetu. Mguu mmoja anauburuta."

"Mguu?"

"Walimvunja askari wa boti ya upande wenu. Zamani hizo. Hakukwambia?"

Mzee alishamsimulia Mratibu kisa cha kukamatwa huko, tena kama kichekesho: jinsi mdogo wake alivyotupwa botini kama jodari, jinsi alivyokaa ndani masika nzima na kurudi amenenepa, akisema chakula cha jela ya jirani ni kitamu kuliko cha mkewe. Walicheka hadi machozi. Habari ya mguu haikuwamo.

Akapiga simu. Iliita sana. Mzee Kasa hakuwa mtu wa kukimbilia simu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, jirani. Wamekupa mtu mzuri?"

"Anauliza sana."

"Vizuri. Mimi niliacha kuuliza."

Mratibu alikuwa amepanga maneno makali, maneno ya kumfaa mtu aliyempotezea miaka yake. Yalimfika ulimini yakamlegea. "Mzee, kifungu cha tisa kimepita."

Upande wa pili kulisikika kuku, na mtu akifagia. Alingoja. Alikuwa mzoefu wa kumngoja.

"Boti zenu zitavuka," mzee alisema hatimaye.

"Na zenu zitavuka huku. Na ndani atakuwamo askari wenu, kila safari."

"Askari wetu naye ana mikono."

"Mzee, ungeniambia habari ya mguu wa mdogo wako."

"Ningekwambia, ungefanya nini? Ungeniandikia pole kwenye muhtasari wa kikao?" Sauti yake haikuwa na ugomvi, ilikuwa imechoka tu, pengine kuliko ya Mratibu mwenyewe. "Sikiliza, jirani. Karatasi bado iko kwenu?"

"Iko."

"Andika basi kwamba mtu akikamatwa, wa kwao wapigiwe simu siku ileile. Sisi tulimtafuta mochwari. Mama yangu alifunguliwa mashuka, moja baada ya jingine, akitazama nyuso za watoto wa wenzake. Mguu si kitu, mtu anatembea na mguu mmoja. Andika hilo."

"Nitaandika."

"Haya. Nasikia wanakuita."

Hakuna aliyekuwa akimwita. Mzee alikata.

Alasiri ile Mratibu aliomba kifungu cha tisa kifunguliwe upya, na safari hii mguno ulitoka upande wake mwenyewe. Mkurugenzi alimkazia macho: kitu kimepita, unakirudisha cha nini? Mratibu alisoma alichokiandika. Aliyekamatwa asipigwe, aliyeumia atibiwe kwanza, na ndugu zake waarifiwe na askari wa nchi yake siku hiyohiyo, kwa lugha ya kwao.

"Hilo ni jambo la polisi," Mkurugenzi alisema. "Sisi tunapanga mambo ya nguva."

"Wavuvi wa pande zote wakituogopa, hakuna atakayetuambia nyavu ziko wapi," Mratibu alisema. Ilikuwa kweli, ingawa haikuwa sababu yake.

Mrithi aliinua mkono. "Mimi nimekaa na wafugaji. Ukimchukua mtu wao bila kuwaambia, hata chanjo ya bure hawataikubali. Andikeni."

Ikaandikwa.

Rasimu ilipanda kwa wakubwa wa nchi mbili, na kama ilivyo kawaida ya vitu vinavyopanda, ilichelewa kushuka. Iliposhuka ilikuwa imekonda. Ndege ya kuhesabu nguva ilikuwa imefutwa. Miezi ya kufunga uvuvi ilipunguzwa, na ukurasa wa matumbawe ulirudishwa "kwa mashauriano zaidi," maneno ambayo Mratibu aliyajua kama mgonjwa anavyoujua ugonjwa wake. Doria ya pamoja ilikubaliwa kwa majaribio, pamoja na yale mambo yake matatu. Inaelekea hakuna mkubwa aliyesoma mpaka chini.

Boti ilianza kazi. Katika majuma ya mwanzo ilinasa majarife matatu na watu wanne, wawili wa huku na wawili wa kule. Nahodha alikuja ofisini kwa Mratibu kulalamika, kofia mkononi. Yule askari wa ng'ambo, alisema, alisimamisha safari katikati ya maji akitafuta mtandao, akampigia mama wa mmoja wa watuhumiwa, na yule mama akalia kwa sauti hadi boti nzima ikasikia, kisha akaanza kumtukana mwanawe matusi ya kila rangi, mpaka mtuhumiwa mwenyewe akaomba apelekwe tu rumande.

"Sasa mama, sisi ni doria au ni posta?" Nahodha aliuliza.

"Mama yule alijua mwanawe yuko hai?"

"Alijua. Ndiyo maana alitukana."

"Basi mmefanya kazi."

Nahodha alitikisa kichwa, akaenda. Mratibu alifikiria kumpigia simu Mzee Kasa ampe habari. Aliifungua simu, akaitazama namba, akaifunga. Hasira yake haikuwa imeisha. Ilikuwa imekaa mahali pamoja na mapenzi, kama wakwe wasioelewana waliolazimika kukaa nyumba moja. Angempigia kesho, au keshokutwa.

Alivuta mezani ukurasa wa matumbawe. Mrithi alikuwa ameshamtumia maswali yake, marefu, ya mtu asiyejua kitu na asiyeona haya kutojua. Swali la kwanza lilikuwa: dada, hili tumbawe, ni jiwe au ni mnyama? Mratibu alivua viatu chini ya meza, akaanza kumwandikia.