Mpangaji wa Merv

Pesa ya Noelene Haggerty iliingia benki kila Alhamisi ya pili, na siku hiyo Noelene alikuwa mtu mwingine. Ataamka mapema, atapaka rangi ya mdomo, ataingia mjini Wirrabeen kununua majani yake ya chai, sabuni yake, na maua ya kuweka dirishani. Ilikuwa posho ya serikali kwa watu wasio na kazi, si pesa ya kujivunia. Ukishalipa pango na simu, kinachobaki unakibembeleza kifike mwisho. Lakini ilikuwa yake, na usimcheke mtu kwa kupenda chake mpaka ujue alikotoka.

Alitoka kwa Barry. Ndiye aliyekuwa mumewe, na tuseme ukweli, Barry hakumpiga hata siku moja. Barry alishika pesa, basi. Mshahara wa Noelene wa kiwanda cha matunda uliingia kwenye akaunti ya Barry, na Noelene akitaka hata soksi ilibidi aombe, ajieleze, arudishe chenji. Siku alipoondoka, aliondoka na begi moja na nauli ya kukopa kwa dada yake. Akaapa kwamba hatamwomba mwanamume senti tena mpaka azikwe.

Akapanga chumba cha nyuma kwa Merv Tranter, dereva wa lori la maziwa, mtu mpole, mzito wa kusema, asiyejua kupika chochote zaidi ya yai. Miaka ikapita. Chumba cha nyuma kikageuka chumba cha cherehani, na cherehani haihitaji kitanda. Mwenye akili ameshaelewa. Ila pango Noelene hakuacha kulipa. Kila akipata pesa anamtumia Merv lake, na kila mara Merv ananung'unika. Kwenye friji kila mtu alikuwa na rafu yake, ingawa vya rafu zote mbili alivipika Noelene. Hawakuwahi kuulizana wao ni nani kwa nani. Watu wa bonde lile hawasemi mambo ya moyoni. Unamzibia mtu paa linalovuja, naye anakuelewa.

Kiwanda kilipofungwa, mashine za pichi ziliuzwa, na wanawake waliozeekea kwenye makopo wakapewa keki na mkono wa kwaheri. Noelene alikuwa anakaribia sitini. Aliomba kazi dukani, shuleni, kwa wafugaji, na kote alijibiwa kwa adabu na hakuitwa tena. Ndipo akaenda kuomba posho. Wakamuuliza, je, una mwenzi? Akajibu hapana. Wala hakuona kwamba anadanganya. Kwa Noelene, mwenzi ni yule mliyechanganya naye mfuko, na mfuko wake haukuchanganyika na wa mtu yeyote.

Sasa sikiliza mambo yalivyoharibika. Julai, baridi ikiwa kali na majani yameganda, ndio mwezi wa kupeleka hesabu za kodi ya mapato. Wirrabeen haina mhasibu. Kwa hiyo kila mwaka Lachlan Pyke huja na kompyuta yake kutoka mji mkubwa, anawekewa meza kwenye klabu ya mchezo wa kuvingirisha matufe, katikati ya baa na mahali wanapochezesha bahati nasibu ya nyama. Watu wanapanga foleni na bia mkononi. Siri hakuna. Anachoulizwa wa mbele, wa nyuma anakisikia na anakitolea maoni.

"Una mke?" Lachlan alimuuliza Merv bila kuinua macho, kwa sababu fomu ndivyo ilivyouliza.

Merv akakohoa. Nyuma yake alisimama Kev Doolan, na mdomo wa Kev haujawahi kwenda likizo.

"Huyo hana mke, ana mpangaji," Kev akasema. "Mpangaji anayempigia pasi mashati. Wa kwangu hata kikombe chake haoshi."

"Basi humtozi vya kutosha, Kev," mwingine akadakia.

"Au Merv anamtoza kwa njia nyingine."

Watu wakaangua kicheko. Merv akawa mwekundu mpaka shingoni. Yeye angeweza kuchekwa mwaka mzima na asijali, lakini hili lilimgusa Noelene, tena Noelene mwenyewe hayupo.

"Ninaye mke," akasema, na sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Andika, Lachlan. Noelene Haggerty." Tarehe ya kuzaliwa akaitaja papo hapo, bila kufikiri.

Kev akavua kofia yake, sijui kwa nini, akaivaa tena. Merv akatoka pale kifua mbele, na paja la kondoo aliloshinda kwenye bahati nasibu likiwa kwapani. Nyumbani hakusema neno. Angeanzia wapi, mtu mzima na mvi zake? Aliona haya. Alikula nyama ile akitabasamu peke yake, na Noelene akadhani anafurahia mchuzi.

Mwezi wa Oktoba, Alhamisi ya pesa, Noelene alisimama kwenye mashine ya benki na pesa haikuwepo. Akajaribu tena. Kesho yake akapanda basi kwenda ofisi ya posho mji mkubwa, akakaa kwenye viti vya plastiki mpaka alipoitwa na msichana aliyeitwa Tahlia, mwenye sura ya huruma na kucha fupi.

"Mama, posho yako imesimamishwa kwa sababu una mume," Tahlia akasema.

"Nilikuwa naye. Tulishaachana zamani, na karatasi zipo."

"Si Barry. Ni Mervyn Tranter. Amekutaja kwenye hesabu zake za kodi kwamba wewe ni mke wake."

Noelene akamtazama tu. "Nani amenitaja?"

"Yeye mwenyewe. Kompyuta za kodi na zetu zinasomana."

Yakaja maswali. Nani anapika? Nani anafua? Mkialikwa harusi mnakwenda pamoja? Mnalala chumba kimoja? Tahlia aliyauliza taratibu, macho kwenye kioo cha kompyuta, maana ndiyo kazi yake na maswali hakuyatunga. Noelene, mwanamke wa rika la mama yake, alijibu mengine, mengine akayameza. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Nieleze kwa lugha ya kawaida, mwanangu," akasema mwishowe. "Nini kitatokea?"

"Kama ni mume wako, tunahesabu mshahara wake. Mshahara wake ni mkubwa, kwa hiyo wewe hupati kitu. Kama ni mwenye nyumba wako tu, inabidi aseme alikosea. Nitampigia simu Jumanne. Wewe unaweza kuwepo, ila usimjibie."

Njia nzima ya kurudi Noelene alikaa na mkoba mapajani, hasira zimempanda hadi kichwani. Alimkuta Merv jikoni akimenya viazi, kazi aliyojifunza kwake.

"Merv. Mimi mke wako?"

Kisu kikasimama. "Nani kakwambia?"

"Serikali imeniambia. Klabu nzima inajua, kompyuta zinajua, mimi ndiye wa mwisho. Hukuona hata haja ya kuniuliza?"

"Nilitaka kukuuliza."

"Lini? Kwenye mazishi yangu?"

Merv akajifuta mikono kwenye suruali. "Kev alikuwa anakusema vibaya, Noe. Nikashindwa. Nami nilidhani kodi mambo yake na posho mambo yake. Sikujua wanaambiana."

Hapo hasira za Noelene zikakosa pa kushika. Utamfanya nini mtu aliyekuharibia kwa kukutetea? Akaketi.

"Utasema ulikosea," akamwambia. "Utasema mimi mpangaji."

"Acha hiyo posho, Noe. Mimi nitakupa kila kitu. Kwani nimewahi kukunyima nini?"

"Hujaninyima. Sitaki kupewa. Huelewi? Nimeshaishi kwa kupewa. Ukinipenda, niachie kile kidogo nilicho nacho."

Merv hakuelewa vizuri, ilionekana usoni, lakini akaitikia. Siku zile zote wakafanya mazoezi kama watoto wa shule. Noelene anauliza kutoka kwenye sinki, Merv anajibu kutoka mezani. Huyu ni nani kwako? Mpangaji. Analipa pango? Analipa. Mara ya kwanza alilisema neno hilo akitazama birika, mara ya pili akitazama viatu vyake. Kila alipolisema, Noelene alisikia kitu kikimchoma, akajikaripia, kwani si yeye aliyelitaka?

Jumanne Tahlia akapiga. Merv aliiweka simu mezani katikati yao, sauti juu. Alikuwa amenyoa na kuvaa shati la kanisani, utadhani wanamwona.

"Bwana Tranter, bibi Haggerty anaishi kwako kama nani?"

"Mpangaji."

"Anakulipa?"

"Kila akipata pesa. Hajawahi kuchelewa." Merv akamwangalia Noelene, Noelene akamwashiria kwa kichwa aendelee hivyo hivyo.

"Kwenye kodi uliandika mke. Kwa nini?"

"Nilikosea. Watu walikuwa wengi, wanapiga kelele."

Vizuri. Vizuri mno. Noelene alianza kupumua. Tahlia alisikika akiandika, kisha akauliza swali ambalo hawakulifanyia mazoezi.

"Kumbukumbu zinaonyesha bibi Haggerty alifanyiwa operesheni ya titi mwaka juzi. Nani alikaa naye?"

"Mimi."

"Siku zote?"

"Nililiegesha lori nje ya hospitali. Maziwa yaliharibika, bosi nusura anifukuze." Merv akacheka kidogo, halafu akaacha.

"Ulikaa naye kama mwenye nyumba wake?"

Noelene alimwona Merv akifungua mdomo. Neno lilikuwepo pale pale, dogo, wamelirudia mpaka limechakaa. Alimkazia macho, alimwomba kwa macho, alishika meza kwa mikono miwili. Merv naye alimtazama, na macho yake yalikuwa yamelowa.

"Hapana, binti," akasema. "Samahani. Siwezi kulisema hilo, si kuhusu siku zile. Ni mke wangu."

Hakuwahi kumwita hivyo. Miaka yote ile, na leo ndiyo mara ya kwanza Noelene analisikia neno hilo kwa masikio yake, jikoni kwake, kwa sauti ya Merv. Lilimfurahisha, Mungu amsamehe. Lilimfurahisha na kummaliza kwa pamoja, na akashindwa kujua alie kwa lipi. Akanyamaza, maana aliambiwa asimjibie.

"Asante, Bwana Tranter," Tahlia akasema. "Naandika hivyo. Pole, mama."

Posho ikafungwa. Pesa alizolipwa nyuma wakataka zirudishwe, na Merv akakubali kukatwa kwenye mshahara wake kidogo kidogo, bila manung'uniko. Noelene alikata rufaa, rufaa ikarudi na jibu lile lile kwa maneno marefu zaidi. Aliomba kazi ya kufagia klabu, ikapewa mpwa wa Kev. Nani wa kumlaumu? Tahlia alifuata sheria. Merv alisema kweli. Hata Kev, alipojua, alileta kreti la mapera na kusimama mlangoni hana la kusema, na kwa Kev hiyo ni adhabu tosha.

Pango likaisha. Noelene hakuwa na cha kulipia, na hata angekuwa nacho, mke halipi pango kwa mumewe. Merv, kwa wema wake, akamfungulia kadi ya benki ya akaunti yake. Akamwekea mezani asubuhi, jina lake limeandikwa vizuri juu yake.

"Tumia unavyotaka," akasema. "Usiniulize kitu."

Na kweli, hakuna aliyemwambia aulize. Ila kadi ile kila ikitumika, simu ya Merv inalia mfukoni kwa ujumbe wa benki, huko aliko na lori lake. Jioni, akivua buti, atasema kwa moyo mweupe kabisa, "Naona ulipita kwa muuza nyama," au, "Duka la dawa leo? Unaumwa, Noe?" Alikuwa anatafuta maneno ya kuzungumza na mkewe, maskini. Noelene anamjibu nyama kiasi gani, dawa gani. Hajaulizwa, lakini anajibu. Siku moja alimwekea risiti mezani. Merv akaitumia kufutia mafuta mkononi.

Desemba, karibu na Krismasi, Noelene aliingia saluni ya mjini kukata nywele. Zilikuwa zimefika mabegani, zinamtia joto. Msusi alimjua tangu enzi za kiwanda, akamvutia kiti, akakung'uta kitambaa.

"Karibu ukae, Noelene. Tunakata kama zamani?"

Noelene alikuwa ameshaishika kadi. Akaitazama.

"Subiri kidogo," akasema.

Akatoka nje, akasimama juani kando ya mlango, akapiga simu. Ililia sana kabla Merv hajapokea, na nyuma yake injini ya lori ilikuwa inanguruma.

"Noe? Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Niko saluni. Nilitaka kukuuliza, naweza kukata nywele?"

Merv akacheka, cheko la mtu anayependa na anayependwa. "We mama, umelewa? Nywele zako unaniuliza mimi?"

Noelene hakucheka. Ndani msusi alikuwa ameshika kitambaa, anamsubiri. Alibana simu sikioni na kungoja Merv aseme ndiyo.