Viluwiluwi wa Bibi

Bibi alitaga mayai asubuhi, na kaka yangu akanipigia simu akihema kama mtu aliyekimbizwa. "Njoo chumba cha baridi," alisema. "Acha hiyo chai, itakungoja."

Bibi ni salamanda, mnyama mwenye umbo la mjusi na ngozi laini kama ya chura, mweusi, na madoa ya njano mgongoni. Kaka ndiye anayewatunza salamanda katika maabara yetu, na kwa jinsi anavyoshinda humo ndani amevaa koti zito, watu humwita Bwana Baridi. Kazi yangu ni kusoma vinasaba vyao, chumba cha pili. Tumezaliwa tumbo moja, kati yetu kazini kuna ukuta mmoja tu, na kwa muda mrefu salamu zetu zilikuwa za shingo upande.

Sababu ninayo. Salamanda si msafiri. Hawa wetu hupumua kwa ngozi, na ngozi ikikauka wamekwisha, kwa hiyo huzaliwa, huzeeka na kufia kijito kilekile. Tuliwachukua pande mbili za mlima mmoja, mashariki na magharibi, na kwa sura hata mama yao asingewatofautisha. Siku mtambo wa kupoza maji ulipoharibika upande mmoja wa chumba, kaka aliwaokoa wa magharibi kwa kuwamimina kwenye matangi ya wenzao. Hakuweka alama hata moja. Kwake salamanda alikuwa salamanda, basi.

Baadaye nikasoma vinasaba kutoka vipande vya mikia tulivyohifadhi kwenye spiriti tangu mwanzo. Koo zile mbili ziliachana kabla mlima haujainuka. Zamani hizo pale palikuwa na bonde moja lenye maji, ukoo mmoja ukitambaa utakako. Ardhi ikapanda polepole kwa mamilioni ya miaka, vijito vikagawanyika, na damu za pande mbili zikaenda kila moja na njia yake huku sura zikibaki zilezile. Nilipojua hayo, kijito cha magharibi kilikuwa kimefukiwa na barabara, na matangi yetu yalikuwa yamejaa machotara.

Nikawapima wazee, wale tuliowatoa mlimani, mmoja mmoja. Ugonjwa wa ngozi ulikuwa umepita na wengi. Wa magharibi halisi waliobaki hai walikuwa wawili, Bibi na dume mmoja, na yule dume akafa kabla ya majibu kutoka. Siku hiyo mdomo wangu haukuwa na breki. Nilimpa kaka yangu mkubwa za uso mbele ya watu. Nilimwambia ameangamiza ukoo mzima.

Sasa Bibi, niliyemtenga peke yake tangu siku ile, alikuwa ametaga. Jike la salamanda huweza kutunza mbegu za dume mwilini kwa miezi. Ila tangini Bibi aliishi na madume wa pande zote.

"Wanaweza kuwa wa yule marehemu," kaka alisema, paji la uso likigusa kioo.

"Wanaweza."

"Basi tupime."

"Tupime nini, kaka? Ute? Ngoja waanguliwe wawe na mikia."

Tukangoja. Viluwiluwi walipotokea, kaka alianza kupiga mluzi kazini, jambo lililonitisha kuliko ukimya wake. Nilikata ncha ndogo ya kila mkia, inayoota tena, nikaanza kazi.

Majibu yalipokaribia, mke wa kaka alinifuata kwenye korido. Alikuwa amekonda.

"Wifi, hali chakula yule," aliniambia. "Usiku anageuka tu kitandani. Nakuomba, mwambie ni wa magharibi. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Wewe umeshasema ya kutosha, wifi. Safari hii mpe hili moja tu."

Alikuwa na haki ya kunikasirikia, na roho iliniuma, kwa sababu nilikuwa nimeshaliwaza hilo kabla yake. Lakini hao viluwiluwi wangekua na kuzaa, na kila anayewatunza angelinda kitu ambacho hakipo.

Nilirudia vipimo, kisha nikarudia tena kwa ukaidi tu. Kaka aliingia bila kubisha, akasimama nyuma ya kiti changu. Nilidhani hasira yangu ingenisaidia kusema. Nikaitafuta, sikuiona.

"Baba yao ni wa mashariki," nilisema.

"Wote?"

"Wote, kaka. Pole."

Alivuta kiti akakaa. Nikamshika mkono kwa mara ya kwanza tangu tugombane. Ulikuwa baridi.

"Na Bibi?" aliuliza. "Amebakiza muda gani?"

Salamanda wakitunzwa vizuri huishi miaka mingi, na sijui mtu anayewatunza vizuri kama kaka yangu.

"Mrefu," nilimwambia. "Huenda akatuzika sisi."

Akatikisa kichwa taratibu, akainuka kwenda kumkatia Bibi minyoo yake ya mchana. Nikamfuata, maana sikutaka wabaki wawili tu mle ndani.