Bango Juu ya Mtaro

Tangu aliposhuka kutoka kijijini Kilema, kule mlimani, na sufuria zake, Bernadetha alipika mtori wa ndizi na nyama kwenye kibanda kando ya barabara moja ya Moshi, na miaka yote hiyo idara ya afya na mazingira haikuwahi kumkumbuka. Siku ilipomkumbuka, ilimletea bango.

Lilikuja kwa lori, la bati nene na nguzo mbili za chuma, limeandikwa MTAA SAFI, MTAA SALAMA. Davis, afisa kijana aliyevaa kizibao cha kung'aa, aliamuru zege limwagwe ndani ya mtaro.

"Shikamoo mama. Hapa litaonekana vizuri."

"Marahaba. Na maji yatapita wapi, baba?"

Davis alitazama juu. "Maji gani? Mbona pakavu."

Masika ilipoanza, maji yaliteremka kutoka mlimani, yakagonga zege, yakakata kona na kuingia kibandani kwa Bernadetha. Viti vikaelea. Ndizi zilizokwisha kumenywa zikatoka nje bila kuaga. Alipiga simu idarani mpaka akachoka. Hatimaye Davis alikuja na mabuti, akasimama katikati ya dimbwi, akampa onyo kali kwa kufuga mbu kwenye eneo la chakula.

"Ni kweli nafuga," alisema Bernadetha. "Zizi umenijengea wewe."

Jumapili, baada ya misa, alikwenda kwa jirani yake Filemon, fundi wa kuchomelea. Filemon alikata nguzo, akavunja zege kwa nyundo, na maji yakashuka kwa kishindo. Bango wakalilaza juu ya mtaro, maandishi yakitazama mawinguni, na wateja wakaanza kuvuka bila kulowa.

Haukupita muda, idara ikaleta wageni kutoka mji mwingine, waliokuja kujifunza usafi. Davis aliliona bango, akapunguza mwendo. Bernadetha naye alijikaza, akisubiri kukaripiwa mbele za watu.

"Na hiki," Davis akawaambia wageni, "ni kivuko shirikishi. Mwananchi anakanyaga ujumbe kila siku mpaka unamwingia."

Wageni wakapiga picha. Bwana Shedrack, mkuu wa idara, akaitikia kwa kichwa kwa fahari, kana kwamba bango alilibeba mgongoni mwenyewe.

Bernadetha alikasirika, lakini sauti aliyotoa ilikuwa ya upole. "Karibuni mtori, wageni wangu. Mkishiba, fuateni mtaro huu mpaka pale chini. Kuna ubunifu mwingine wa idara."

Shedrack alisema muda hautoshi. Mgeni mmoja, mama aliyeitwa Gladness, alisema unatosha, akatangulia.

Chini kwenye kona walikuta bango jingine la idara, nalo limesimikwa katikati ya mtaro: MAJI NI UHAI. Maji machafu yalikuwa yamelifika shingoni, na nyuma yake nyumba tatu zilikuwa zimezingirwa.

"Na hiki ni kivuko cha namna gani?" Gladness aliuliza.

Shedrack alikuwa anahangaika kuchomoa kiatu chake kwenye tope.

Wiki ileile idara ilikuja kung'oa bango la pale chini na kuzibua mtaro wote. Shedrack, aliyesifiwa redioni kwa kuchukua hatua haraka, alipandishwa cheo. Lawama zote zilimwangukia Davis, aliyepewa koleo na kuingia mtaroni pamoja na vibarua.

Mchana Bernadetha alimwona ameketi ukingoni, matope mpaka kifuani, hana wa kuzungumza naye. Alimjazia bakuli, akaongeza kipande cha nyama.

"Kula kwanza," alisema. "Mtaro bado mrefu; hata pale kwa Filemon hamjafika."