Fatiha ya Uwanja wa Mwani

Mwani mbichi ukirundikwa hadi kesho yake hugeuka uji, na uji huo haununuliwi na mtu. Ndiyo maana Semeni na mama yake, Mwatumu, walikuwa wakikimbia, kama kule kujikokota na viroba mgongoni kunaweza kuitwa kukimbia. Maji ya chumvi yaliwachuruzika mpaka kwenye nyufa za visigino. Upande wa Pemba wingu lilikuwa limeshatuna.

Uwanja wa kuanikia ulikuwa juu kidogo ya maji: kipande cha mchanga mgumu chenye jua na upepo. Kushoto mikoko na tope, kulia mikoko na tope, nyuma minazi na kivuli chake. Kijiji kizima cha Mwamtoni, njia ya Moa, hakikuwa na pengine pa kukaushia mwani.

"Mkutano ni kesho?" Mwatumu aliuliza. Macho yake, mekundu kwa chumvi, yalikuwa yakitoka machozi yenyewe, bila huzuni.

"Kesho, baada ya laasiri."

"Na utasema?"

"Nilichaguliwa nikae kimya, mama?"

"Wenzio walichaguliwa, na wamekaa."

Ni Bi Azza aliyeyaanzisha haya, yule afisa maendeleo ya jamii kutoka wilayani. Alikuja na kipaza sauti juu ya gari, akawaambia vijana waache vijiwe, wagombee, kijiji ni chao. Vijana wakacheka, wakarudi kwenye bao. Semeni hakucheka. Akagombea, akashinda, akawa mjumbe wa halmashauri ya kijiji, na tangu siku hiyo kazi yake ikawa kufagia ofisi kabla ya kikao na kuwachemshia wajumbe chai.

Mwenyekiti alikuwa Mzee Kombo, ndugu wa marehemu baba yake Semeni. Watu walisema kiti chake kimeota mizizi chini ya sakafu, na siku akifa itabidi wazikwe pamoja. Alipotokea mwekezaji anayetaka uwanja wa mwani ajenge hoteli, Kombo alimkirimu kwa madafu. Lakini ardhi ya kijiji haitoki mpaka mkutano mkuu ukubali, na wanakijiji wa Mwamtoni hukubali kwa kunyoosha mikono.

Basi Semeni alipita nyumba kwa nyumba na neno moja: mkono usinyanyuke. Wanawake wa mwani wakaapa. Vijana wa bodaboda nao wakaapa, mmoja akiongeza kwamba yeye hata akiumwa na nge kwapani hatanyanyua.

Siku ya mkutano kiwanja cha shule kilijaa. Mtendaji wa kijiji, Ernesti, alilisoma ombi la mwekezaji kwa sauti ya mtu anayesoma bei za sukari.

"Wanaokubali wanyooshe mikono," Kombo akasema.

Hapakunyanyuka hata kidole. Mtoto mmoja alitaka kujikuna kichwa, mama yake akamdaka mkono hewani. Ernesti akamtazama Kombo. Kombo akaitazama bahari.

Semeni akasimama. "Mwenyekiti, naomba niseme."

"Utasema, mwanangu. Mkutano huu ni wako." Kombo aliinuka polepole, akaiweka kofia yake sawa. "Lakini tumekosa adabu, jamani. Ndugu yangu Yasini, baba yake huyu binti, hata mwaka hajatimiza kaburini. Huu ni mkutano wetu mkuu wa kwanza bila yeye. Tutagombania ardhi na yeye yuko chini yake, hatujamrehemu? Al-Fatiha."

Viganja vikanyanyuka kiwanja kizima.

Vya Semeni pia. Vilikwenda vyenyewe, kama vilivyokwenda tangu alipofunzwa chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, akiwa hajaota tena meno ya mbele. Alikuwa ameshafika "Alhamdu lillahi" alipomwona Ernesti amepanda juu ya benchi, simu mkononi, akiielekeza kwenye umati, kisha kwake yeye aliyesimama mbele. Akafahamu. Alikuwa na nafasi ya kuishusha mikono. Ubavuni kwake Mwatumu alikuwa amefumba macho, midomo ikilitaja jina la mumewe. Semeni aliisoma fatiha mpaka mwisho, mikono juu.

"Amin," watu wakajipangusa nyuso.

"Na fatiha ndiyo hufunga," Kombo akasema. "Mkutano umekwisha."

"Haujaisha! Sijasema! Hatujakubali kitu!"

Lakini wazee walikuwa wameshaanza kuvaa makubazi. Mwamtoni, jambo likishasomewa fatiha, anayerudi kulibishania ni mtu asiyelelewa. Bibi mmoja alimshika Semeni mkono. "Nyamaza, mjukuu wangu. Usimvunjie baba yako fatiha yake."

Asubuhi aliwakuta ofisini Kombo na Ernesti, wote wawili.

"Picha zimeshakwenda wilayani," Ernesti alisema bila kuulizwa. "Kijiji kimeridhia."

"Kaka Ernesti, ile ilikuwa dua."

"Mimi Mkristo, dada. Nitajuaje? Mimi naona mikono." Akacheka, na kicheko chake kilikuwa cha kirafiki kabisa.

Semeni akamgeukia Kombo. "Ami, wewe unajua."

"Najua nini? Nilimwombea ndugu yangu. Wewe hukumwombea?"

"Nitakwenda wilayani nikaseme."

"Kaseme." Kombo akaipuliza chai yake. "Kaseme baba yako hakuombewa, alitumiwa. Kisha urudi uyaseme hayohayo mbele ya mama yako. Nikuongezee nauli?"

Alikwenda kwa nauli yake. Bi Azza alimpokea kwa kumkumbatia, akamgeuzia kompyuta: Semeni mbele, umati nyuma, mikono imeinuka kama shamba la mahindi.

"Mashallah! Wilaya nzima hakuna kijiji chenye picha ya binti aliyesimama mbele namna hii."

Semeni akaeleza. Bi Azza alisikiliza, akasimama, akafunga mlango.

"Nakuamini," akasema kwa sauti ya chini.

"Basi andika, dada."

"Nikiandika watanihamisha, na atakayekuja hatakuamini. Bora mimi." Akamfungulia soda, akamwekea mbele. "Vumilia, mdogo wangu. Uongozi ndio huo, mtu anajifunza."

Nguzo za zege zilichimbiwa uwanjani kabla mwani haujavunwa tena. Waya ukafuata, kisha mlinzi asiyejua jina la mtu. Wanawake wakajaribu kuanika juu ya mapaa, mwani ukaozea kwenye kivuli cha minazi, kijiji kikanuka kama tumbo la papa. Mtu humtafuta karibu wa kumlaumu. Kisimani Semeni alipofika, mazungumzo yalikatika.

"Mpisheni mheshimiwa," mmoja akasema. "Asije akanyanyua mikono, na ndoo zetu zikaondoka."

Walicheka wote. Walikuwa walewale walioapa, na mikono yao wote ilikuwa kwenye picha.

Halafu likaletwa bango. Lilifungwa kwenye minazi miwili kando ya barabara, pana kama tanga. Sura ya Semeni ilikuwa kubwa kuliko mlango wa ofisi, macho nusu yamefumba, viganja vimefunguka, mikono ya umati nyuma yake. Juu yake maandishi mekundu: KIJANA, KIJIJI NI CHAKO. SHIRIKI, AMUA.

Mwatumu alilitazama siku mbili. Siku iliyofuata alikwenda na kisu cha kukatia kamba, akalishusha mchana kweupe, watu wakiona. Akaligusa kwa dole gumba, akalikunja pembe, akalikunjua.

"Mama! Hilo la serikali!"

"Zuri hili. Halipitishi maji. Shika upande huo."

Wakalitandika kando ya barabara, mahali pekee palipobaki na jua. Mwatumu alianza kumwaga mwani kutoka chini, akautawanya kwa vidole, akapanda nao mpaka kifuani mwa picha. Alipofika shingoni akasita, kiroba mkononi.

Semeni akachota mwani kwa mikono miwili, akauweka usoni pake pale kwenye bango, akauchambua mpaka macho yakapotea.

Lori la kokoto la hoteli likapita. Vumbi lilisimama, likatua juu ya mwani mbichi, likashika. Mwatumu akachuchumaa, akaanza kulipukuta kwa kipembe cha kanga, nalo likazidi kuingia. Nyuma ya lori la kwanza lilikuwa likija la pili. Kwenye ukingo wa juu wa bango, ambako mwani haukufika, safu ya mikono ya watu wa Mwamtoni ilikuwa bado iko juu.