Kikopo Kinachopanda Kamba

Kila asubuhi, kabla hata ya kupiga mswaki, nikishamshukuru Mungu huwa nawashukuru watu wawili. Wa kwanza ni mkwe wangu, kwa kiu yake. Wa pili ni fundi saa wa chumba cha jirani, kwa ubishi wake. Mkwe wangu nilimsema sana alipokuja kuposa, kwamba ni msahaulifu, hawezi kutoka nyumbani bila kurudi kufuata kitu. Maneno hayo nimeyameza mwenyewe, na yameshuka vizuri tu.

Mimi ni fundi mapazia. Nashona yale ya kupandisha, ambayo ukivuta kamba kitambaa kinajikunja tabaka juu ya tabaka mpaka dirisha linabaki wazi. Nyuma ya kitambaa hupita kamba mbili, moja kila upande. Zinapanda hadi kwenye ubao wa juu, kisha zinashuka pamoja pembeni mwa dirisha. Ukivuta moja zaidi ya nyingine, pazia linapanda upande kama kofia ya mlevi. Kwa sababu hiyo shangazi yangu, aliyenifundisha kazi, alinizoesha kuzifunga ncha zote mbili pamoja chini kabisa. Mimi nikaongeza madoido yangu. Fundo langu lilikuwa na mizunguko mitatu na masikio mawili, na katikati natia ushanga mkubwa wa mbao. Mtu akiliona fundo hilo kwenye nyumba yoyote, anajua Mama Mapazia alipita hapo. Nililionea fahari kuliko hata mishono yangu.

Binti yangu alipohamia nyumba yake, nilimpa zawadi ya mapazia matano. La chumba cha mtoto lilikuwa na rangi ya ganda la yai, na kamba zake niliziacha ndefu kidogo, ili mjukuu wangu akianza kukua aweze kuzivuta mwenyewe. Nilidhani nafanya wema.

Mjukuu alikuwa hajatimiza miaka miwili. Siku hiyo mama yake alikuwa uani anaanika nguo. Mkwe alikuwa ameshaaga, ameshafika getini, akakumbuka kwamba hajanywa maji. Akarudi. Njia ya kwenda jikoni inapita mlangoni pa chumba cha mtoto, na pale mlangoni akasimama. Mtoto alikuwa amepanda juu ya kikapu cha midoli chini ya dirisha, kikapu kimeteleza, na kamba zangu mbili zilizofungwa kwa fundo langu zimemkaza shingoni. Hakuwa analia. Mkwe anasema mpaka leo kwamba kilichomtia hofu ni ule ukimya. Alimnyanyua kwa mkono mmoja, akapenyeza vidole vya mkono wa pili chini ya kamba, na mtoto akavuta pumzi. Kisha akapiga ukelele uliomfikia mama yake huko uani.

Daktari alimpima, akatuambia yuko salama, alama itafutika baada ya siku chache. Mimi nilifika hospitali na kanga ya kazini, sindano bado imechomekwa kifuani. Binti yangu alikuwa kwenye benchi, mtoto amelala begani kwake.

"Mama," aliniuliza, "zile kamba ulizifunga za nini?"

"Ili pazia lisipande upande, mwanangu."

"Ili lisipande upande," akarudia, polepole, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Hakupandisha sauti. Afadhali angenifokea. "Basi usiniletee tena pazia nyumbani kwangu. Na mtoto hatakuja kwako mpaka nitakaposema."

Nyumbani kwangu kila dirisha lilikuwa na kamba na fundo, na mjukuu alikuwa akishinda kwangu siku tatu kila wiki. Angekuwa siku hiyo yuko kwangu, mimi nina masikio mazito na cherehani inapiga kelele, na hakuna mkwe wa kurudi kunywa maji. Wazo hilo lilinikalia moyoni nikashindwa hata kula. Kunyimwa mjukuu kulinichoma, lakini haki ilikuwa upande wa mama yake.

Kesho yake nilianza kukata mafundo. Nilianza na madirisha yangu, kisha nikachukua mkasi na daftari langu la vipimo, maana humo nimeandika kila dirisha nililowahi kulivisha, nikaenda nyumba kwa nyumba. Nilidhani watu watanishukuru. Mwalimu mkuu mstaafu, mama mmoja anayenyoosha hata mito ya makochi yake kwa rula, aliniangalia nikikata akasema, "Fundo hilo ndilo lililonifanya nikuite wewe badala ya yule mwingine." Nikamweleza yaliyomfika mjukuu wangu. Akatoa pole nyingi, za dhati kabisa. Nikaondoka.

Nilipofika chini ya ngazi nikakumbuka nimesahau futi yangu ya chuma, ile ya kujivuta yenyewe, juu ya meza yake. Nikarudi. Nikamkuta ameshazifunga kamba upya, fundo la kwake, baya, lakini fundo.

"Pazia linakaa upande," alisema kwa aibu. "Na hapa kwangu hakuna watoto."

"Na wajukuu zako likizo?"

Akaliangalia fundo lake. Mimi nikaichukua futi. Niliivuta kidogo bila sababu, kama mtu anavyochezea funguo akiwa na mawazo, nikaiachia, ikaingia kwenye ganda lake, pwa. Nikaivuta tena, nikaiachia tena. Mwalimu aliniangalia kwa wasiwasi, akidhani akili imeanza kunihama. Kumbe ndiyo kwanza inarudi.

Sasa nimtambulishe fundi saa, ambaye mimi humwita Bwana Saa. Karakana zetu zinatenganishwa na ukuta mmoja mwembamba. Ni mtu wa kupinga. Ukimwambia kumekucha, atatoka nje kuhakikisha. Kwa miaka minane alikuwa akiniomba pazia la dirisha lake, kwa sababu jua la saa tisa humpiga machoni akiwa ameinamia vyombo vyake, na kwa miaka minane nilikuwa nikimjibu, "Wiki ijayo."

"Bwana Saa," nilimwambia, "nataka kamba ya pazia ijirudishe yenyewe kama futi hii. Isibaki inaning'inia chini."

"Haiwezekani," alisema, na mkono wake ukawa tayari unapekua droo ya springi.

Alichukua kikopo kitupu cha dawa ya viatu, akatia ndani kigurudumu na springi ya saa ya ukutani, akatoboa tundu la kupitishia kamba. Mimi nilizikutanisha zile kamba mbili huko huko juu, chini kidogo ya ubao, pasipofika mkono wa mtoto, zikawa kamba moja, na kamba hiyo ikaingia kwenye kikopo. Kikopo kilikuwa ndio mpini. Ukikishika na kubana kitufe chake, kigurudumu kinakaza, unavuta, pazia linapanda na kushikwa na jino dogo lililomo ndani ya ubao. Ukiachia, springi inaizungusha kamba ndani, na kikopo kinapanda juu chenyewe. Palihitajika dirisha la kujaribia, na la karibu lilikuwa lake. Hivyo ndivyo Bwana Saa alivyopata pazia lake baada ya miaka minane.

Mara ya kwanza kikopo kilipanda kwa kasi, kikagonga ubao, kamba ikakatika, kikamshukia kwenye kipaji. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Yeye alipapasa nundu yake akasema kwamba alishaniambia haiwezekani. Tukatia kamba mpya, tukajaribu kuteremsha pazia, likagoma kushuka. Springi ilikuwa na nguvu kulizidi.

Mara ya pili alitia springi ya saa ndogo ya mezani. Pazia lilishuka vizuri, likapanda vizuri. Nilipoachia, kikopo kilijikongoja, kikafika katikati ya njia, kikaishiwa nguvu. Kikaning'inia pale, kinayumba.

"Angalau huyu hanipigi," alisema Bwana Saa.

Mimi nilitoa futi nikapima kutoka sakafuni. Sikuhitaji kupima. Kimo cha kikapu cha midoli nakijua, cha mjukuu wangu nakijua hata nikiwa usingizini. Kamba ilikuwa inapita usawa wa shingo yake. Nikakaa kwenye kigoda cha wateja nikalia, kilio cha kwikwi, cha mtu mzima asiyejali nani anamwona. Bwana Saa hakuwa anajua lolote. Alidhani nimeshikwa tu na tamaa ya kuvumbua kitu uzeeni. Nikamweleza yote, kuanzia fundo la shangazi hadi benchi la hospitali.

Hakuniambia nyamaza. Aliondoa miwani, akaifuta, akaivaa.

"Springi iwe na nguvu kuliko uzito wa kikopo," alisema, "na iwe dhaifu kuliko uzito wa pazia. Inayotufaa iko kati ya hapo."

Kisha akapanda juu ya kigoda, akaiteremsha saa iliyokuwa juu ya mlango wake. Saa hiyo ndiyo aliyoanzia kazi akiwa kijana. Watu wameitaka miaka yote naye hakukubali kuitoa, na mtaa mzima ulirekebisha saa zao kwa kuiangalia hiyo.

"Hiyo hapana, Bwana Saa," nilimwambia.

"Springi yake ni pana na nyembamba. Nimeifungua mara nyingi, naijua."

"Utajuaje saa?"

"Nitakuuliza wewe," alijibu, "ingawa wiki yako ina miaka minane."

Akaifungua. Kama kuna siku nimempenda jirani kama ndugu wa damu, ni siku hiyo. Alipomaliza, nilivuta pazia likapanda. Nikaachia. Kikopo kilipanda kwa utulivu mpaka kikagusa ubao, kikatulia. Nikanyoosha mkono, nikaitoa kamba kwenye jino, pazia likashuka kwa uzito wake lenyewe na kikopo kikatoa kamba bila ubishi. Tulirudia mara hamsini. Baada ya hapo alijua anatafuta springi ya namna gani, akaanza kuzikata kutoka kwenye futi zilizokatika za maseremala, na dirisha la pili kuvishwa likawa la mwalimu mkuu mstaafu.

Lakini dirisha nililolitaka mimi lilikuwa jingine. Nilimpigia mkwe simu. Nilimwambia siombi kuleta pazia, naomba tu binti yangu aje kwa Bwana Saa aone kikopo.

"Nitamleta, mama," alisema. "Ila ukubali usiongee."

Mtu anayenijua ataelewa ukubwa wa ombi hilo. Walikuja Ijumaa mchana, mtoto yuko kiunoni kwa mama yake, shingo yake haina alama yoyote. Alinyoosha mikono kunijia. Mama yake akamhamishia upande wa pili wa kiuno. Nikaumeza ulimi.

Bwana Saa alionyesha: kuvuta, kuachia, kikopo kikapanda. Binti yangu alimkabidhi mumewe mtoto, akaenda chini ya dirisha, akapiga magoti. Akiwa hapo, kwa kimo cha mtoto wake, aliinua mikono akaanza kupapasa ukuta, huku na huku, taratibu, akitafuta kamba. Hakuipata. Akavuta kigoda, akapiga magoti juu yake, akapapasa tena, vidole vikinyooka mpaka mwisho. Hewa tupu. Akavuta pazia mwenyewe, akaachia, akapapasa tena mara ya tatu.

Aliposhuka, alifungua mkoba akatoa kitu kilichofungwa kwenye kitambaa. Lilikuwa fundo langu, mizunguko mitatu na masikio mawili, na ushanga wa mbao.

"Nililikata siku ile ile," alisema. "Nimeliweka kwenye droo ya kitanda. Kila nilipotaka kukusamehe nilikuwa nalitoa naliangalia."

Akaniwekea mkononi. Kitu chepesi kile, lakini mkono uliniinama.

"Pazia la rangi ya ganda la yai sikulitupa," akaendelea. "Nimelifua, nimelipiga pasi. Njoo kesho na ngazi, uje na babu huyu na kikopo chake." Halafu akamchukua mtoto kwa baba yake, akanipa. "Asante, mama."

Mjukuu alikuwa mzito kuliko nilivyomkumbuka, ananukia sabuni na biskuti. Hakuwa na habari na machozi ya mtu. Alikuwa anakiangalia kikopo kule juu, akanipiga begani akasema, "Tena." Bwana Saa akavuta, akaachia, kikapanda. "Tena." Akavuta tena, yule mtu wa kupinga, mara saba, nane, bila kusema haiwezekani.

Nyuma yetu mkwe alikohoa kidogo, akaniuliza kama pana maji ya kunywa. Nilimrudishia binti yangu mtoto, nikaenda karakanani kwangu kuyachota. Nikaja na glasi iliyojaa, nikampigia goti kama anavyopigiwa mzazi, nikampa kwa mikono miwili.