Kitambaa Chekundu cha Banda la Tisa

Jumatatu jioni Murungi alimaliza kupiga dawa banda la tisa la waridi, akafunga mlango wa nailoni, akatundika kitambaa chekundu. Kazi ya kitambaa ni moja tu: kikiwa mlangoni, mtu haingii mpaka kesho saa sita mchana. Murungi aliacha shule darasa la tatu, lakini sheria hiyo aliielewa kuliko wakubwa waliosoma mpaka vipara vikawatoka.

Saa moja asubuhi msimamizi, Gachoki wa kutoka Embu, alikitungua kama kawaida yake, akakitia mfukoni, akaita wanawake waingie kukata maua. Ndege ya kusafirisha maua haingoji dawa ikauke.

Ndivyo Kiende, mke wa Murungi, alivyoingia miaka sita, mpaka kifua kikakataa. Cheti cha kifo kiliandikwa nimonia. Lawama zikabebeshwa baridi ya Timau, kwa sababu baridi haina wakili.

Asubuhi hiyo jina la kwanza kuitwa lilikuwa la Kinya, binti yao, aliyeandikwa kazi Ijumaa. Murungi alikuwa anaosha pampu. Aliona gambuti mpya za mtoto wake zikielekea mlangoni, akainuka na mpira wa pampu mkononi.

Kiende alikuwa amesimama mlangoni. Alivaa gauni la bluu walilomzika nalo, na udongo kidogo begani. Mkononi alishika kitambaa chekundu. Gachoki alijipapasa mfukoni, akakuta hamna.

"Mama Kinya, toka hapo. Maua yanachelewa."

"Saa sita," Kiende alisema.

"Na wewe si mfanyakazi tena!"

"Ndiyo maana huwezi kunifuta kazi."

Wanawake walicheka. Gachoki alijaribu kumsukuma, mkono ukaganda hadi kwenye kiwiko, kama umeingizwa kwenye friji ya maua. Akaupulizia pumzi, akaenda kupiga simu kwa meneja.

Mama mmoja mzee, Gatakaa, alitandika gunia chini. "Basi tuombe," alisema. "Si yeye ndiye alikuwa anatuombea hapa hapa kabla ya kazi?"

Murungi hakukaribia gunia. Kanisani hakuwa ameingia tangu mazishi, siku mkurugenzi wa shamba alipopewa kipaza sauti na kiti cha mbele, halafu mchungaji akasema ni mapenzi ya Mungu. Tangu hapo alijua Mungu anakaa na wakubwa, kwenye viti vya mito. Alimwendea mkewe, mpira wa pampu ukiwa bado mkononi.

"Baba Kinya, mbuzi wamekula?"

"Wamekula."

"Na wewe?"

"Nimekunywa chai." Akauweka mpira chini. "Mungu wako alikuwa wapi?"

Kiende alielekeza kidole nyuma yake, kwenye waridi. "Humo ndani. Tulikuwa tunakohoa pamoja."

Murungi aliogopa kuliko siku waliyompigia simu kutoka hospitali. Alitega sikio kwenye nailoni. Ndani hakukuwa na mtu, na kweli mtu alikuwa anakohoa, polepole, kama mgonjwa asiyetaka kuamsha wenzake. Magoti yake yalishuka yenyewe. Ulikuwa woga tupu, lakini Gatakaa alimsogezea gunia.

Saa sita Kiende alitoka mlangoni, wanawake wakaingia.

Akawa anakuja kila baada ya siku ya dawa. Ofisi ilimpa beji ya mgeni. Wiki ya pili meneja alileta fundi, wakakata mlango mwingine upande wa nyuma. Gachoki aliita tena, "Kinya! Pitia huku."

Kiende alikuwa mmoja, milango miwili. Alirarua kitambaa katikati, akampa mumewe kipande. Murungi alikwenda kusimama mlango wa nyuma.

"Mzee," Gachoki alisema, "wewe naweza kukufuta."

"Najua."

Aliomba kwa sauti, kwa Kimeru, akitafuta maneno kama mtu anayetafuta kiatu gizani. Hakuomba mengi. Aliomba saa sita ifike. Nyuma ya mgongo wake kile kikohozi kilikuwa karibu, na safari hii hakikumtisha. Kinya alikaa chini pamoja na wanawake mpaka saa sita.

Saa sita na nusu Murungi alipewa barua ya kufutwa. Gachoki alimsomea, akamtajia kosa: kuzuia mlango.

Jumanne iliyofuata alipenya ua wa shamba uliotoboka, akarudi na kipande chake. Mtu mwingine ndiye aliyepiga dawa jana yake. Kiende alikuwa mbele, yeye nyuma. Upande unaotazama mlima, mafundi wawili walikuwa wanapima mlango wa tatu.

Kinya aliwatazama kitambo. Kisha akasimama, akaanza kufungua kitambaa alichojifunga kichwani. Kilikuwa chekundu.

Murungi alimwona. Aliogopa sana, akaendelea kuomba.