Kufuli Kwenye Karakana ya Shangazi

Chini ya serikali ile ya mtu mmoja, karakana za mtaani kwetu hazikuruhusiwa kunenepa. Ukiwa na cherehani moja, umesalimika. Ya pili ikionekana tu, maafisa wanakuja kukuambia karakana yako sasa ni mali ya umma. Na umma huo tuliujua vizuri: shemeji yake Mkubwa. Baba yangu, Mungu amrehemu, alinyang'anywa hivyo hivyo, mchana kweupe.

Kisha tukapiga kura, serikali ikabadilika, na sheria mpya ikasema mali ya mtu haiguswi bila amri ya mahakama. Watu wakashangilia, halafu kila mmoja akarudi kwenye cherehani yake moja. Shangazi yangu, fundi viatu asiyejua kunong'ona, akanunua mashine ya pili ya kushonea ngozi na kuiweka dirishani kabisa.

"Huyu mama amechoka kuishi kwa amani," alisema jirani yetu, fundi nguo.

Haukupita muda, afisa yule yule wa enzi za Mkubwa, na tumbo lake lile lile, akaja kututilia kufuli mlangoni. Oda ya viatu vya shule ilikuwa ndani, nusu yake haijatiwa soli. Ikichelewa, karakana imekufa. Nilimsihi shangazi tuiuze ile mashine, yaishe.

"Kaka yangu naye alitaka yaishe," akanijibu. "Yaliisha?"

Tukaenda mahakamani. Hakimu, mwanamke mwembamba mwenye mafua, alimuuliza afisa, "Amri ya mahakama iko wapi?" Afisa akajibu kwamba amri ni yeye. Hakimu akapenga kamasi, akaagiza kufuli livunjwe siku hiyo hiyo, na alivunje afisa mwenyewe.

Akalivunja! Mtaa mzima unamtazama, jasho linamtiririka, nyundo inamponyoka. Nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka. Laiti baba angekuwepo!

Mara nikasikia vyuma vinaburuzwa. Fundi nguo alikuwa anatoa cherehani mvunguni mwa kitanda, moja, kisha nyingine. Seremala akashusha msumeno wa umeme kutoka darini. Muoka mikate akafunua pazia, na nyuma yake kuna tanuri jipya, halijawahi kuwashwa.

Shangazi akashika kiuno. "Kumbe mmelalia viwanda, halafu kichaa ni mimi?"

Afisa, kwa mazoea, akanyoosha kidole aanze kuhesabu. Hakuna aliyerudisha kitu ndani.